Dumu Jekundu la Mama Mkwe

Kabla sijaendelea, niwajibu wale walionitumia ujumbe wiki nzima wakiuliza kama bado nina mke. Ninaye. Ananisemesha vizuri tu, ingawa siku hizi akinisemesha anatazama dirishani.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua ukurasa huu: mimi ni mpanga rafu katika supamaketi, baba wa mapacha, na mkwe wa mama mmoja aliyekuwa metroni wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Mtaa mzima unamwita Metroni, hata wasiowahi kuumwa kichwa. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari jipya kabisa, lenye nailoni kwenye viti na waranti ya miaka mitatu.

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyolirudisha nyuma gari hilo nikagonga nguzo ya geti, nikamwambia ni upepo ndio uliosukuma geti. Metroni akavaa miwani, akaenda hadi kwenye nguzo, akakwangua rangi ya gari kwa ukucha, akaniletea ile rangi kwenye karatasi. Aliweka karatasi mbele yangu akaketi.

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini alisema maneno ambayo yamenikosesha usingizi hadi leo.

"Baba Pacha, nguzo si kitu. Nguzo tutapaka rangi. Ila ukiniongopea mara ya pili, gari hili hutaligusa tena, na mimi kwako sitakanyaga."

Nikaapa. Niliapa kwa sauti kubwa mpaka mapacha wakaacha kucheza.

Haya, tuendelee.

Haukupita muda gari likafika kilomita elfu kumi. Kitabu cha gari kilisema oili ya injini ibadilishwe. Metroni akapiga simu gereji ya kampuni, wakamwambia wamejaa, nafasi ipo mwezi ujao. Metroni hajazoea kusubiri mwezi. Huyu ni mtu aliyekuwa akiwaamsha madaktari.

Nikaona hapa ndipo pa kurudisha heshima yangu. Tulikuwa mezani. Nikakitoa kifua mbele, nikasema, "Mama, hiyo oili nitabadilisha mimi. Na kuinunua nitainunua mimi. Iwe pole yangu kwa ile nguzo."

Mke wangu akaacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi. Kwani kuna nini? Unafungua nati, unamwaga, unafunga, unajaza."

"Mwaka jana ulibadilisha balbu, umeme ukakatika mtaa mzima."

"Nusu mtaa," nikamsahihisha.

Metroni hakucheka. Alifungua kitabu cha gari akanisukumia. "Soma hapo. Kampuni inaruhusu mtu kujibadilishia?"

Nikasoma kwa sauti. Inaruhusu, mradi oili iwe ya kiwango kilichoandikwa na kumbukumbu zitunzwe. Aliposikia neno kumbukumbu, uso wake ulilainika. Mwanamke huyu ana faili la kila kitu. Jiko la gesi lina faili. Mimi mwenyewe nina faili, nililiona siku moja, ni nene.

"Basi sawa," akasema. "Uninunulie ile ya dumu jekundu. Marehemu mzee aliitumia miaka ishirini na gari lake halikuwahi kukohoa."

"Sawa mama."

"Na usiniletee vya dukani kwenu."

Hapo inabidi niwaeleze. Supamaketi yetu inaweka jina lake kwenye kila kitu: sukari, betri, sabuni, karatasi za chooni. Bei inakuwa chini, na watu wananunua. Metroni alinunua sabuni yetu mara moja tu, akasema ni kama amefua kwa jiwe. Betri zetu alizitia kwenye saa ya ukutani, na anadai saa ilianza kurudi nyuma. Nilimwambia haiwezekani. Akaniambia ameandika tarehe.

Kesho yake kazini nikaenda kwenye rafu ya vifaa vya gari. Rafu hiyo naipanga mimi, naijua kuliko kabati langu. Madumu mekundu yalikuwepo manne. Nikashusha moja, nikaligeuza mgongoni, nikalinganisha na ukurasa wa kitabu niliokuwa nimeupiga picha kwa simu.

Kitabu kilisema 0W-20, oili nyepesi. Dumu jekundu lilisema 20W-50, oili nzito, ya injini za zamani kama ile ya marehemu mzee. Nikashusha yote manne. Yote yalisema vilevile. Nikauliza stoo kama ipo nyekundu nyepesi, wakaniambia mzigo haujafika. Saa ya mapumziko nikazunguka maduka mawili ya jirani, nako hakuna.

Nikarudi kwenye rafu yangu. Pembeni ya mekundu kulikuwa na madumu ya kijivu, yenye jina la duka letu kwa maandishi meupe. Nikaligeuza moja, shingo upande tu, kutimiza wajibu.

0W-20. Na chini yake, kiwango kilekile cha kwenye kitabu, herufi kwa herufi. Nikasoma mara tatu, nikifuata kwa kidole.

Msishangae. Duka halina kiwanda cha oili. Oili hiyo inatengenezwa na watu ambao kazi yao ni kutengeneza oili, halafu linabandikwa jina letu juu. Nimepokea mzigo wake miaka minne, karatasi zake nimezisoma. Sabuni ndiyo sijui wanaitoa wapi.

Nikanunua, nikapewa risiti yenye tarehe na namba zote. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, nilikuwa nimefanya jambo sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani.

Mimi nilitembea nikijizoeza maneno. "Mama, sikiliza, kinachotakiwa ni namba." Kila nilipofika hapo, Metroni wa kichwani mwangu alikuwa anavua miwani. Nikajaribu kuanza kwa mzaha, akavua miwani. Nikajaribu kuanza na shikamoo, akavua miwani. Nilipofika njia panda nikakata kona, nikaingia gereji ya rafiki yangu Fundi Spana.

"Spana, una dumu jekundu tupu?"

"La nini?"

"La maji."

"Ya kunywa? Utakufa."

Ikabidi nimweleze. Spana akachukua dumu la kijivu, akalisoma mgongoni, akanitazama kama ananionea huruma. "Lakini hii ndiyo yenyewe. Gari lile linataka hii hii. Sasa unaificha ya nini?"

"Humjui mama mkwe wangu."

"Namjua. Mke wangu alijifungulia wodini kwake. Mimi nilipiga kelele kuliko mke wangu, akanitoa nje kwa kunishika sikio."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa," akasema Spana. "Chukua madumu mawili."

Nililiosha dumu moja, nikalikausha kwa kitambaa mpaka likawa halina hata tone. Nikamimina oili ya kijivu ndani ya dumu jekundu, taratibu, bila kumwaga. Dumu la kijivu nikalitupa kwenye pipa la takataka la gereji. Risiti, kwa kuwa ilikuwa na jina la duka juu kabisa, nikaichana vipande vidogo vidogo, nikavitupa humo humo.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi tukafanya kazi. Nasema tukafanya kwa sababu Metroni alisimama kando yangu muda wote, mikono ameifunga nyuma, kama yupo chumba cha upasuaji.

"Spana kumi na saba," nikasema kutoka chini ya gari.

"Kumi na saba," akaniwekea mkononi.

"Kitambaa."

"Kitambaa."

Ilikwenda vizuri, jamani. Nati ilifunguka, filta ilikubali, oili ya zamani ilitoka yote kwenye beseni. Nilijipaka oili mpaka masikioni lakini hakikuharibika kitu. Metroni akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa karatasi nyeupe, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiangalia dhidi ya mwanga.

"Safi," akasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi. Nikavimba kichwa.

"Risiti?" akasema Metroni.

Kichwa kikanywea. Nilitaka kusema upepo, nikakumbuka. "Mama, nadhani ilibaki mfukoni, ikafuliwa na suruali."

"Kwa hiyo kwenye faili tutaweka nini?"

Nikajitia hamnazo, nikaanza kukusanya spana. Metroni alifikiri kidogo. "Leta hilo dumu. Lisimamishe mbele ya injini. Geuza maandishi yaonekane, yote. Mapacha, tokeni kwenye picha."

Akapiga picha. Mchana huohuo akaenda kuichapisha kwenye karatasi ya kung'aa, akaandika tarehe na kilomita kwa ule mwandiko wake wa wodini, akatia saini, akanipa kalamu nami nitie saini kama mtoa huduma. Kisha akaitoboa matundu mawili, akaifunga kwenye faili la gari.

Nilisaini. Siwafichi kitu humu, nilisaini nikitabasamu.

Miezi miwili ikapita kwa raha. Metroni alinisifia kwa majirani. Niliruhusiwa kuendesha, hata kurudi nyuma. Na gari lilikuwa na kazi kubwa kuliko sote: mara tatu kwa wiki Metroni alimpeleka mdogo wake, mama mdogo wa mke wangu, hospitali kusafishwa damu. Figo za mama mdogo zimechoka. Hawezi kusimama vituoni kusubiri gari, na siku akikosa kusafishwa, miguu inavimba, pumzi inakata, nyumba nzima inakaa roho juu. Ndiyo maana Metroni alinunua gari. Si kwa maringo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nipo kwenye rafu yangu, simu ikaita.

"Baba Pacha, imewaka taa nyekundu yenye umbo la birika."

Nikajua ni taa ya oili. "Injini ikoje mama?"

"Inagonga. Nimezima hapohapo. Nimetoka sokoni na mdogo wangu, nimeshamshusha kwake."

Niliomba ruhusa, nikaenda mbio. Gari lilivutwa kwa gari jingine hadi gereji ya kampuni, nasi tukafuata nyuma kwenye teksi, Metroni faili amelikumbatia kifuani. Huyu mwanamke anatembea na faili kwenye gari. Mimi hata kitambulisho huwa nasahau nyumbani.

Pale gereji tulipokewa na dada wa waranti, mtu mcheshi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Mafundi wakakaa na gari saa nzima. Akarudi kwetu.

"Mama, pole. Pampu ya oili imekufa, na injini imeumia. Inatakiwa injini nyingine."

Metroni akashika ukingo wa meza.

"Lakini msiogope," dada akaendelea. "Yamekuja magari matatu ya toleo hili yenye shida hiihii. Ni kosa la kiwandani. Waranti inabeba kila kitu, na leo hii hii mnaondoka na gari letu la kutumia mpaka lenu lipone."

"Kesho asubuhi mdogo wangu anatakiwa hospitali," akasema Metroni. Hakumaliza sababu, hakuzoea kuomba.

"Atafika, mama. Naomba tu kumbukumbu za sevisi."

Wasomaji wangu, mngemwona Metroni alivyolifungua lile faili! Dada alipindua karatasi, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema anatamani wateja wote wangekuwa hivi. Kisha akafika kwenye picha. Akaichomoa, akaenda nayo dirishani.

"Hii ndiyo oili mliyoweka?"

"Ndiyo hiyo," akasema Metroni. "Dumu jekundu. Sisi hatuweki vya ovyo."

"Mama, hii ni 20W-50. Ni nzito. Gari lenu linataka 0W-20."

"Lakini ni jekundu."

"Rangi ya dumu haimo kwenye waranti, mama. Wala jina lake. Kilichomo ni namba hizi. Mngeweka hata ile ya supamaketi yenye jina la duka, mradi namba ziwe hizi na risiti iwepo, ningesaini sasa hivi. Lakini nikipeleka picha hii, wakubwa watasema pampu imeuawa na oili nzito. Sitakuwa na la kujibu."

"Ya supamaketi!" Metroni akacheka kwa uchungu. "Binti yangu, heri niweke maji."

Jasho lilianza kunitoka kwenye magoti. Sikujua magoti yanatoa jasho.

Nilikaa pale nikipiga hesabu zangu. Nikinyamaza, uongo wangu unaua waranti, Metroni anabaki na injini mfu, na nyingine hana uwezo wa kuinunua. Nikisema, ndiyo mara ya pili, na yeye hatanii. Nikamfikiria mama mdogo kesho asubuhi, ameshavaa, mkoba mapajani, anasikilizia honi nje. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, oili iliyomo si ya dumu jekundu."

Metroni akanigeukia polepole. "Rudia."

"Ni ya dukani kwetu. Namba zake ni zilezile za kwenye kitabu, nilizisoma mara tatu. Jekundu la namba hizo halikuwepo mjini. Nikaimimina kwenye dumu la Spana kwa sababu… kwa sababu nilikuogopa."

Akavua miwani. Vilevile nilivyomwona kichwani mwangu njiani miezi miwili nyuma, ila sasa ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu macho yake yalikuwa na maji.

"Ulisaini kwenye faili langu."

"Ndiyo, mama."

"Faili langu, Baba Pacha."

Dada wa waranti alikohoa ili asicheke. "Samahani kaka. Dumu la kijivu liko wapi?"

"Nilitupa."

"Risiti?"

"Niliichana."

"Yaani uliweka oili sahihi, halafu ukaharibu ushahidi wote kwamba ni sahihi?"

"Ndiyo, dada."

"Watu wanakuja hapa kila siku wameweka oili mbaya wanaapa ni nzuri. Wewe ni wa kwanza kuweka nzuri ukaapa ni mbaya."

Alikuwa amenieleza vizuri kuliko ambavyo ningejieleza mwenyewe.

Lakini yule dada ana roho nzuri, Mungu ambariki. Akachomoa kalamu nyweleni. "Njia ipo. Kompyuta ya dukani kwenu itatoa nakala ya risiti, si ndiyo?"

"Itatoa. Namjua anayeishika."

"Na oili yenyewe bado imo ndani ya injini. Tutachukua sampuli kidogo, tunayo mashine hapo nyuma, ndani ya saa moja tunajua uzito wake. Ikitoka 0W-20, picha hii naichana mimi mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kukumbatia hata gari. Ukweli wangu ulikuwepo, upo ndani ya injini, unapimika! Nikamgeukia Metroni nikitarajia angalau apumue.

Metroni alikuwa amebadilika rangi. Mkono wake ulikuwa umeukamata mkoba hadi vifundo vya vidole vikapauka.

"Mama?"

"Nipeleke nje, nipate hewa."

Tulikaa kwenye benchi kando ya matairi chakavu. Nikadhani sasa ndipo ninaambiwa nisahau njia ya kwake. Nikajiandaa. Nilikuwa nimestahili kila neno.

"Baba Pacha."

"Naam, mama."

"Oili niliongeza."

Sikuelewa. "Uliongeza wapi?"

"Kwenye gari. Kila Jumatatu huwa napima kwa kijiti. Mwezi uliopita nikaona imeshuka chini ya alama. Nikachomoa picha kwenye faili, nikaenda nayo kituo cha mafuta. Nikamwambia muuzaji, nataka hii hii, isipishane hata namba moja."

"Ukaongeza kiasi gani?"

"Lita moja. Jumatatu iliyofuata ikashuka tena, nikaongeza nyingine."

Gari lile linachukua lita nne. Nilihesabu kwa vidole, ingawa hesabu yenyewe ni ya darasa la kwanza. Karibu nusu ya oili iliyokuwa ndani ya injini ilikuwa nzito, ya dumu jekundu. Na mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukosea dozi ya mtu miaka thelathini na moja, aliinunua kwa kufuata maandishi ya picha yangu, namba kwa namba.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anatazama matairi.

"Ungeona nakukagua. Siku ile ulijitahidi, ulijipaka oili mpaka masikioni. Nilimwambia mwanangu jioni ile, mume wako nilikuwa namwonea bure. Nikaona nikikuambia imepungua, utadhani nasema hukufunga vizuri. Sikutaka kukuvunja moyo."

Mama huyu amenisema mengi, na mengine mmeyasoma humu humu. Nimeitwa mzembe, nimeitwa bwana upepo, sikutoa chozi. Pale kwenye benchi nililia. Nililia kwa kwikwi kama mmoja wa mapacha wangu, na Metroni akatoa kitambaa mkobani akanipa bila kuniangalia.

Mlango ukafunguliwa. Dada wa waranti akaja na kichupa kidogo chenye oili, na fomu kwenye ubao.

"Sampuli hii hapa. Kabla haijaingia mashineni, mwenye gari asaini tu hapa chini."

Nikasoma fomu juu ya bega la Metroni. Ilikuwa mistari miwili. *Nathibitisha kwamba tangu sevisi ya mwisho hakuna oili nyingine iliyoongezwa kwenye injini hii.*

"Dada," nikasema, nikijifanya nauliza kwa niaba ya watu wengine, "na kama mtu aliongeza?"

"Hapo faili linakwenda makao makuu. Wanajadili wao. Miezi miwili, mitatu. Na gari la kutumia siwezi kulitoa."

"Na asiposema?"

"Mashine inapima mchanganyiko wote. Huwa nikiona namba iko katikati, nawapigia simu wakubwa. Au siwapigii, inategemea nimeamkaje." Akacheka. Kwake ulikuwa mzaha. Simu yake ikaita, akatupa ishara kwamba anarudi, akasogea pembeni.

Fomu ilibaki mapajani mwa Metroni. Kichupa kilibaki kwenye benchi katikati yetu.

Metroni akavaa miwani, akaisoma ile fomu tangu juu hadi chini, kama anavyosoma kila kitu. Akafungua kalamu.

"Mdogo wangu anatakiwa hospitali kesho saa moja," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Nikataka kumwambia aache, nikataka kumwambia asaini. Kule pembeni dada wa waranti alikuwa anamaliza simu, anacheka, anaaga.

Metroni akaniinamia karibu kabisa, akashusha sauti.

"Baba Pacha," akaniuliza, "wewe una uzoefu. Mtu akitaka kuongopa, anaanzia wapi?"